Fimbo Juu ya Mlango

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana hakuna aliyemshinda kukunja pindo la suruali. Chumba alicholala na wanawe wawili ndicho alichoshonea, katikati ya marobota ya vitambaa na pasi ya mkaa, na moto aliuogopa kuliko ugonjwa. Kwa hiyo somo lake kwa watoto lilikuwa fupi. Juu ya mlango alichomeka fimbo.

"Atakayegusa kiberiti nitamchapa mpaka asahau jina lake!"

Akaona amemaliza kazi, maskini wa Mungu.

Adhuhuri moja alitoka mara moja kumpelekea suruali fundi viatu, jirani wa mlango wa pili. Hata hajaikabidhi, kifungua mimba wake akaja mbio analia.

"Mama, pazia linawaka!"

"Mdogo wako yuko wapi?"

Mtoto hakujua.

Mama Pindo aliingia ndani ameinama, moshi unamchoma macho. Fundi viatu akamfuata na ndoo ya maji, akalimwagia pazia. Mama akamwita kitinda mimba wake, binti wa miaka minne. Kimya. Akaita tena kwa ukali, kama alivyozoea. Kimya zaidi. Hapo ndipo alipong'amua: mtoto anamsikia. Anamsikia vizuri sana.

Akailazimisha sauti ishuke.

"Mama hapigi, kipenzi changu. Mama hana hasira. Njoo."

Kikohozi kidogo kikatoka uvunguni mwa kitanda, nyuma ya marobota. Akamvuta kwa mguu, kiberiti kingali mkononi.

Siku hiyohiyo aliivunja fimbo mbele yao, akaanza somo upya. Ukiona moto usijifiche. Inama, tambaa, toka, nenda kwa fundi viatu, na usirudi ndani hata kama mwanasesere wako amebaki.

"Na kama nimewasha mimi?" akauliza kitinda mimba.

"Hasa kama umewasha wewe. Toka!"

Kesho yake wakajaribu. Mama Pindo alisimama mlangoni kwa fundi viatu, akapaza sauti, "Moto!"

Kitinda mimba ndiye aliyetoka wa kwanza. Alimkimbilia mama yake mbio zake zote, mikono yote miwili ameipeleka nyuma, amefunika makalio.