Notisi Iliyoliwa kwenye Lango la Soko la Mbuzi

Kaa hapo karibu nikueleze habari za Nzomo, kwa sababu watu wa mjini wanamsimulia vibaya. Wao wanaanza na mbuzi. Ukianza na mbuzi utacheka, uende zako, na mtu mwenyewe hutakuwa umemjua.

Nzomo alikuwa tarishi wa manispaa ya Kwa Mbaluka. Mji wetu ni mdogo, uko upande wa ndani ukitoka Salama kuelekea Mukuyuni, na huyo Mbaluka alikuwa nani hakuna anayejua kwa uhakika. Kila familia yenye jina hilo inasema ni babu yao. Lakini manispaa tunayo, na bodi yake inakaa Alhamisi mbili kila mwezi kuzungumza habari za taa za barabarani, mitaro, punda wanaolala stendi, na choo cha soko ambacho hufungwa kwa kufuli na mtu asiyejulikana.

Miaka thelathini na moja Nzomo alifanya kazi hiyo. Aliingia wakati wa lile baraza la zamani, ikaja kaunti, ikaja manispaa. Kibao cha ofisi kilibadilishwa mara tatu, yeye akabaki na ndoo ile ile ya bluu na brashi ile ile. Bodi ikitaka kufanya jambo la kuwagusa watu, lazima itoe notisi, na notisi ibandikwe mahali patatu: ukuta wa ofisi, stendi, na pale jambo lenyewe linapohusu. Ikae siku kumi na nne. Mwenye pingamizi aandike. Siku zikiisha, Nzomo anatia saini fomu kwamba zote tatu zilikaa, na bodi inaendelea. Fomu kama hizo alikuwa ametia saini nyingi kuliko kadi za harusi alizowahi kupokea, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Bosi wake wa kwanza alimpa agizo siku ya kwanza kazini. "Nzomo, wewe ubandike. Usimsomee mtu, usimweleze mtu. Ukianza kueleza, kesho watasema manispaa ilisema hivi, kumbe ni wewe." Nzomo akalishika. Ukimuuliza karatasi inasema nini, atakuambia, "Si hiyo hapo?"

Sasa, gundi. Manispaa iliacha kununua gundi zamani, sababu iko kwenye faili fulani. Nzomo hakulalamika. Alipika ya kwake nyumbani: uji mzito wa unga wa mtama, na konzi ya chumvi ndani ili usichache kwa joto letu. Inashika sana. Pale stendi kuna notisi ya kampeni ya kuchanja mbwa iliyobandikwa miaka mingi iliyopita, na ukitaka kuitoa leo utatoka na plasta.

Mwezi wake wa mwisho kabla ya kustaafu, alipewa notisi ya kuhamisha soko la mbuzi. Bodi ilitaka lipelekwe nje ya mji, kilomita tatu hivi, kwenye mlima mkavu, kwa sababu malori ya mbuzi yanaziba barabara siku za Jumatatu. Basi notisi ya tatu ilipaswa kukaa langoni mwa soko hilo. Katika miaka yake yote alikuwa hajawahi kubandika pale.

Na pale langoni ndipo ilipo hoteli ya Mbinya. Hoteli ni neno kubwa. Ni mabati, meko mawili na mabenchi. Lakini wafanyabiashara wa mbuzi wote wanakunywa chai kwake, kuanzia watu wa hapa mpaka akina Hersi wanaoleta mbuzi kutoka Tseikuru. Soko likienda, Mbinya anabaki akiwapikia nzi.

Nzomo alifika na ndoo yake Jumatatu asubuhi, akatafuta mahali pazuri. Lango ni la vyuma, lina bati moja tu, chini chini. Angeweza kutafuta mbao aipandishe juu. Lakini akafikiria, watu hapa wanakaa benchi. Mtu akiwa na kikombe mkononi asome bila kunyanyuka. Akaibandika kwenye bati, usawa wa macho ya aliyekaa. Hakukumbuka ni usawa wa nani mwingine.

"Baba Nzisa, hiyo karatasi ni ya nini?" Mbinya akamuuliza akiwa kwenye chapati. Nzisa ni binti mkubwa wa Nzomo, na Mbinya alisoma naye.

"Si hiyo hapo?"

"Nina unga mpaka kwenye viwiko. Nitaisoma wateja wakipungua."

Wateja hawakupungua. Nzomo alikuwa na desturi ya kuzungukia notisi zake kila Ijumaa, na Ijumaa ile alipofika langoni alikuta bati tupu. Si kuchanwa. Lilikuwa limerambwa likang'aa, unaweza kujiona ukitaka kunyoa. Chini yake alisimama mbuzi mmoja wa Hersi, yule mwenye sikio lililokatwa, mkorofi ambaye wanunuzi walimkataa Jumatatu akaachwa pale chini ya uangalizi wa mlinzi. Mdomoni mwake kulikuwa na kipande cha muhuri.

Nzomo alirudi ofisini kuchapa nyingine. Wino wa printa ulikuwa umeisha. Jumatatu ulikuwa bado haujaja. Jumatano Ndululu, katibu wa bodi, alisema umeagizwa. Nzomo alitaka kumwambia kilichotokea, lakini aanzie wapi? Kwamba notisi ya serikali imeliwa kwa sababu yeye aliitia chumvi? Akajiambia, mbili ziko, ya tatu itakuja. Siku zikaenda zake. Akazimaliza zote kumi na nne hivyo, na pingamizi halikuja hata moja, maana pale ofisini na stendi karatasi zimepandana na hakuna anayesimama kusoma.

Alhamisi ya bodi ikafika. Chai ya mkutano huletwa na Mbinya, na siku hiyo alikuja na chupa mbili na sufuria ya viazi vitamu. Akampata Nzomo mlangoni.

"Baba Nzisa, nishikie hii. Unajua nimeleta matofali? Nataka kujenga kile kibanda kiwe cha kudumu, na dirisha la kutolea chai upande wa lango. Fundi anaanza Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Kwani umenichagulia nyingine?" Akacheka, akapanga vikombe mezani, akatoka.

Mwenyekiti Musyimi, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alifungua kwa maombi, na maombi ya Musyimi yana ajenda yake. Kisha kumbukumbu za mkutano uliopita zikasomwa na kuthibitishwa. Punda wakajadiliwa. Choo kikajadiliwa, kufuli likaahirishwa. Chai ikanywewa. Wakafika kwenye jambo la sita.

"Soko la mbuzi," Ndululu akasema. "Siku kumi na nne zimekwisha, hakuna pingamizi. Mzee Nzomo atie saini tupitishe." Akamsogezea fomu na kalamu.

Nzomo aliishika ile kalamu. Dirishani alimwona Mbinya akivuka barabara na sufuria yake tupu, akisimama kumwonyesha mtu kwa mikono upana wa dirisha atakalojenga.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "hii siwezi kuitia saini."

"Macho?" Musyimi akauliza kwa upole. "Mpeni miwani yangu."

"Macho yako sawa. Notisi ya langoni haikukaa. Ilikaa siku nne tu, labda tatu."

"Nani aliitoa?"

"Haikutolewa. Ililiwa."

Mjumbe mmoja akaweka kiazi chini.

"Ililiwa na nani, mzee?"

"Mbuzi. Wa Hersi, yule mwenye sikio moja na nusu."

"Yote?"

"Pamoja na muhuri."

Hapo walicheka mpaka mlinzi akachungulia. Lakini Kiema hakucheka. Kiema ni mjumbe wa upande wa barabara, na yeye ndiye aliyelisukuma jambo hili tangu lori la mbuzi lilipomzuia asifike kwenye mazishi ya shemeji yake.

"Mzee Nzomo," akasema, "ni karatasi tu. Zingine mbili zilikaa. Wewe unastaafu mwisho wa mwezi, faili lako ni safi. Tia saini uende nyumbani kwa amani."

"Ni safi kwa sababu sijawahi kutia saini kitu ambacho sikukiona."

"Na kwa nini hukusema mapema?" Ndululu akauliza, naye ana haki ya kuuliza.

"Niliona aibu. Gundi naipika mwenyewe, natia chumvi. Ukutani haina shida. Kwa mbuzi ni kama nimewawekea mezani."

Musyimi alijifuta machozi kwa leso. "Sasa Ndululu, sheria inasemaje? Mbuzi akisoma notisi kwa njia hiyo, tunahesabu kwamba mhusika amepata habari?"

"Tunarudia, Mwenyekiti. Siku kumi na nne upya."

"Basi turudie."

Ndululu alitaka kuandika kwamba notisi iliharibika kwa sababu zisizoweza kuzuilika. Mwenyekiti akakataa. "Andika ililiwa. Wajukuu wetu nao wafurahie kitu kwenye mafaili haya." Kisha akageuka. "Na Mzee Nzomo, lazima upewe barua ya onyo. Unaelewa."

"Naelewa," Nzomo akasema.

Jumatatu iliyofuata, wino ukiwa umefika, alikwenda langoni na notisi mpya. Mara hii alileta ubao, waya na koleo, akaifunga juu kabisa. Soko lilikuwa limejaa. Watu wakaitazama kama wanavyotazama ndege ikipita, kisha wakarudi kwenye mbuzi wao. Mbinya alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Nzomo alisimama kidogo na koleo lake. Halafu akavua viatu, akapanda kwenye benchi la Mbinya, akaisoma kwa sauti. Yote, kutoka kichwa cha habari mpaka jina la katibu. Alipomaliza kwa Kiswahili akarudia kwa Kikamba, na mtu mmoja wa Tseikuru akawaelezea wenzake kwa Kisomali. Mbuzi waliendelea kulia, lakini watu walinyamaza.

Mbinya alikuja akijifuta mikono kwenye leso yake ya kiunoni.

"Kwa hivyo Alhamisi ile niliwaletea chai, mkainywa mkinihamisha?"

"Mimi nilikunywa nusu," Nzomo akasema kutoka juu ya benchi.

"Na nikakuambia habari ya matofali, ukanishikia chupa."

"Uliniambia."

Mbinya akalishika benchi lisiyumbe. "Shuka, Baba Nzisa, utaanguka. Hizo barua za pingamizi zinaandikwa vipi?"

Hersi, mzee mpole mwenye ndevu za hina, alikuwa amesimama na yule mbuzi wake kwenye kamba. "Nzomo, huyu wangu aandike tena?" akauliza. "Yeye maoni yake alitoa mapema."

Barua zilikuja sitini na tatu. Nyingine zilikuwa na alama ya kikombe cha chai, na Ndululu akazipokea zote akazigonga muhuri mmoja mmoja. Kwa wingi huo bodi haikuweza kuamua ikiwa imekaa. Ikabidi iende kuuona ule mlima kwa macho. Walikwenda saa saba mchana. Hakukuwa na maji wala kivuli, na gari la Kiema mwenyewe lilikwama kwenye mchanga, likasukumwa na wajumbe wenzake wakiwa na tai shingoni. Alhamisi iliyofuata ikaamuliwa: soko litabaki, malori yageuzie nyuma ya soko, na kila kitu kilichoko langoni kirudishwe hatua tano kutoka barabarani, hoteli ya Mbinya ikiwemo. Mbinya alilalamika kwa zile hatua tano. Alikuwa ameshachimba msingi. Akaufukia, akachimba mwingine, na mpaka leo akikupa chai anakuonyesha ule msingi wa kwanza ulipokuwa.

Nzomo alikuwa ameshastaafu mwisho wa mwezi, kabla bodi haijaamua. Barua ya onyo na cheti cha shukrani viliandikwa wiki moja, na karani akavitia kwenye bahasha moja ili kuokoa bahasha. Ameviweka hivyo hivyo kabatini.

Siku za Jumatatu utamkuta kwa Mbinya, karibu na lile dirisha, maana dirisha alijenga. Tarishi wa sasa ni Kalondu, mama mmoja mtulivu aliyehamishwa kutoka idara ya maji, na manispaa imemnunulia gundi ya dukani. Juzi juzi alikuja na notisi ya ada mpya za maegesho, akaibandika juu vizuri, akasimama akiikagua. Watu wakapita. Hakuna aliyeinua macho.

Kalondu akamgeukia Nzomo. "Mzee, kuwasomea nako ni kazi yetu?"

"Kwenye barua yako ya kuajiriwa haimo. Kwenye yangu pia haikuwemo."

Akanyanyua kikombe chake kutoka kwenye benchi, akapangusa mahali pale kwa kiganja, akasogea pembeni Kalondu apate pa kusimama.