Rangi ya Silva Ukweni

Jamani, aibu hii nimeificha wiki tatu, lakini mjomba wangu ameanza kuisimulia na anaitia chumvi, kwa hivyo afadhali mnicheke nikiwa nimesema mwenyewe.

Nilikuwa naenda Donholm kujitambulisha kwa wazazi wa Mwende. Baba yake, Mzee Mutua, ni mchonga vinyago, na miaka yote amekuwa akiililia keke yake iliyoibwa (keke ni ile drili ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, siyo ya stima). Basi nikaipata moja kwa muuza vyuma vikuukuu, imeliwa na kutu hadi mwenyewe aliniuzia akidhani ni mashine ya kusaga nyama, lakini mimi nikaona pale mbele panapobana ncha ya kutobolea, nikajua. Nikailoweka kwenye mafuta ya taa, nikaisugua wiki nzima, ikazunguka laini kabisa. Ningeishia hapo.

Lakini asubuhi ya safari nikaona haing'ai (ujuaji huu nimezaliwa nao), nikachukua rangi ya silva iliyobaki tulipopaka geti letu hapa Ziwani, nikaipaka yote, mpini, gurudumu na meno yake, nikaifunga kwa gazeti, nikaondoka na mjomba.

Mzee alipoifungua, vipande vya gazeti viling'ang'ania. Hakujali. Aliishika kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga, kisha akanipa mkono, akampa mjomba, mjomba akampa pasta wao, pasta akasimama kutuombea, akaweka mkono begani mwa mama Mwende, aliyevaa gauni jipya la bluu. Tuliposema "Amina" nikaona pale begani vidole vitano vya silva.

"Aki Wafula," Mwende akaninong'oneza, "umeniaibisha leo!"

Nikajitetea kwamba angalau keke inafanya kazi. Mzee akazungusha mpini. Wapi! Rangi ilikuwa imeshikamana kwenye meno kama gundi.

"Kijana, hii ilikuwa inazunguka?"

"Ndio, baba. Kabla niipake rangi."

Sebule nzima ikaangua kicheko, pasta akiwa wa kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akanirudishia keke, na kopo la mafuta ya taa juu yake.

"Siku itazunguka, ndiyo siku tutaongea mambo ya Mwende."

Tangu hapo nakwangua kwa mswaki na sindano. Mwende akipiga simu jioni hata hanisalimii, anauliza tu, "Imezunguka?" Bado. Na nimeapa, hata nikifanikiwa kumuoa, siku atakayotaka nyumba ipakwe rangi, ataita fundi.