Sura ya Gharika Mezani kwa Marnie

Marnie Stroud alianza kuiogopa Jumapili tangu Jumanne.

Jumanne asubuhi mwanawe mdogo, Amos, aliamka ana homa. Marnie alikuwa amempakata jikoni, akamtuma Willa, binti yake wa miaka minane, amletee dawa ya homa ya watoto kutoka kabati la bafuni. Willa akarudi na chupa nyekundu. Marnie akamimina kwenye kijiko, akakifikisha mdomoni mwa Amos, na harufu ndiyo iliyomshtua. Ilikuwa dawa ya kikohozi ya mumewe, ile kali ya watu wazima, inayoweza kumlaza fahali.

"Willa, hapa pameandikwa nini?"

"Dawa ya homa ya watoto," Willa akajibu bila kusita. Hakuwa akiitazama chupa. Alikuwa akimtazama mama yake mdomoni.

Mimi naishi ng'ambo ya barabara. Sisi tunaosomesha watoto nyumbani huku mashambani Kansas tunajuana wote, tunaazimana vitabu, na kusengenyana hatujambo. Wangu watatu niliwafundisha kwenye meza ya jikoni hadi wakaota ndevu, kwa hiyo kila mama mwenye tatizo huja kwangu kama vile nina dawa. Mchana ule Marnie aliingia bila kubisha hodi, Amos begani, uso umemsawijika.

"Hajui kusoma, Netta."

"Nani?"

"Willa. Hajui hata kidogo. Nimempa kitabu ambacho hajawahi kukiona, akakaa ananingoja mimi nianze."

"Mbona kila Jumapili anasoma mezani, tena vizuri kuliko kaka yake?"

"Hasomi, anakariri. Mimi huwasomea kila tunapokula, asubuhi na jioni, na yeye kumbe anashika kila neno."

Nilicheka, Mungu anisamehe, maana ni akili ya ajabu hiyo. Marnie alinitazama na kicheko kikanikauka.

Lazima niseme kwa nini Willa yuko nyumbani. Mwaka wake wa kwanza shuleni aliacha kusema. Nyumbani anapiga domo kama kawaida, lakini akishavuka mlango wa darasa hasemi na mwalimu wala mwenzake, hata ruhusa ya kwenda chooni haombi. Alirudi amelowa mara nyingi mno. Basi Marnie akamtoa, yeye na kaka yake Corbin. Dell, mumewe, alikubali kwa sharti moja: yeyote atakayebaki nyuma kimasomo, basi la njano la shule linapita pale kona kila asubuhi, na Agosti, shule zikifunguliwa, atalipanda kama watoto wa watu wengine. Mama yake Dell, Verna, aliyekuwa mwalimu wa shule maisha yake yote, alisema tu, "Haya. Nyie ndio mnaojua."

"Mwambie Dell," nikamshauri.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekaa na mtoto meza moja kila siku na sikuona? Atampandisha basi, na Willa atafunga mdomo tena, na safari hii labda asiufungue. Nisipomwambia, iko siku Willa atamletea Amos kitu cha kumuua. Naogopa huku na huku, Netta."

Nilimwelewa. Unapomfundisha mtoto mwenyewe, akishindwa huna mwalimu wa kumlaumu wala mkuu wa shule wa kumfokea. Kuna wewe tu na ile meza.

Sasa, kwa akina Stroud hakuna anayeondoka mezani Jumapili mchana kabla ya Maandiko kuzunguka. Kila mtoto husoma mstari wake, kisha Dell anafunga kwa sala ya kichwani. Dell mwenyewe hasomi. "Someni ninyi," husema, "macho yangu yameungua kwa kulehemu." Na Verna huja kila Jumapili, huketi pale karibu na dirisha, miwani puani, akisikiliza kama anayesahihisha mtihani. Marnie ndiye huchagua sura. Basi akachagua sura ya gharika, ambayo Willa anaijua tangu ana miaka mitano.

"Unamfundisha mtoto kuficha," nikamwambia.

"Nataka wiki moja tu nipumue. Na uje ule na sisi. Siwezi kukaa pale peke yangu."

Nikaenda. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, maharagwe mabichi na mikate midogo ya moto. Marnie alikuwa ameyatia maharagwe chumvi mara mbili.

"Leo mke wangu katupikia bahari," Dell akasema, na Corbin akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Marnie hakucheka. Alikuwa akiisogeza sahani yake huku na huku bila kula.

Vyombo vilipoondolewa, Verna akafungua mkoba wake akatoa kitabu kipya cha Maandiko.

"Nimejinunulia hiki. Maandishi makubwa, na kimefasiriwa kwa lugha ya siku hizi. Leo tusomee hiki."

"Tumezoea kile chetu, Mama," Marnie akasema haraka.

"Kile chenu kina mchuzi wa Amos kila ukurasa. Sura gani?"

Hakukuwa na njia. Marnie akaitaja, akanitazama. Nilifikiria kumwaga kahawa makusudi. Sikuwa mwepesi wa kutosha.

Corbin akasoma wa kwanza. Alikwamakwama, kwa sababu maneno yalikuwa mageni kwake. Kisha kitabu kikafika kwa Willa. Akakaa wima, akakiinua, akatoa mstari wake kwa sauti nzuri bila kukosea, wote kwa maneno ya kile kitabu cha zamani. Hakuna hata sentensi moja iliyotoka kwenye ukurasa ule.

Corbin akachungulia. "Hapa hakuna maneno hayo."

Willa akanyamaza. Nikaona midomo yake ikijibana, na nikamwona Marnie akiiona.

"Willa?" Dell akaita. Hakujibu. "Willa, sema na baba."

Willa akakilaza kitabu mezani.

"Kosa ni langu," Marnie akasema. "Sura nilichagua mimi. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba hajui kusoma."

Nilingoja basi la njano litajwe. Dell alikuwa anatazama kitambaa cha meza, masikio yamemwiva. Verna alivua miwani, na hakumtazama Willa. Alimtazama mwanawe, akamwita kwa jina lake kamili.

"Wendell. Utasema mwenyewe au niseme mimi?"

"Mama, acha."

"Nimeacha tangu ukiwa mdogo kuliko Corbin. Mchana kutwa nafundisha watoto wa watu, jioni narudi nyumbani wangu ananikariria sura hii hii, na mimi mwalimu najifanya sioni. Niliona aibu. Na wewe ukajifunza aibu kwangu."

Marnie alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Lakini macho yako, Dell."

"Macho yangu mazima," Dell akasema.

Miaka yote ya ndoa Marnie amemsomea barua, maelezo ya mashine, na orodha ya vyakula mgahawani, ambako Dell kila mara huagiza alichoagiza mkewe. Nilidhani Marnie atakasirika. Alilia tu, kidogo, huku akimpangusa Amos uso ambao haukuwa mchafu.

Dell akasimama. Kwa kitambo nilifikiri anatoka nje. Akaburuta kiti chake hadi kando ya Willa, akavuta kitabu, akaweka chini ya neno la kwanza kidole chake kinene chenye makovu ya moto.

Nimemwona mtu huyu akilehemu juu ya ghala la ngano upepo ukivuma, hajali. Pale mezani jasho lilimtoka. Alisoma neno, akapumzika, akasoma jingine. Alipokwama, Corbin akafungua mdomo amsaidie, na Verna akamkanyaga mguu chini ya meza.

Willa alianza kwa kumtazama baba yake mdomoni, kama alivyozoea. Lakini mdomoni hakukuwa na kitu, maana Dell naye hakulijua neno lile. Ndipo macho ya mtoto yakashuka kwenye kidole.

Pai ya tufaha ilikuwa inapoa na hakuna aliyeigusa. Marnie alikuwa amefumba macho kabisa, anaogopa kutazama.

"Hilo ni gumu, Baba?"

"Gumu sana."

"Hata kwangu," Willa akasema, akaweka kidole chake kando ya cha baba yake. "Tuanze tena hapa."