Kamba ya Baba na Mita ya Shule

Nikimpita fundi cherehani anapokata kitambaa kipya, ile harufu ya wanga hunirudisha Aroi, nje ya mji wa Arua, siku baba aliporudi kutoka Sudan. Nacheka kwanza, halafu moyo unaniuma.

Kwetu, wenzangu, anayekwenda kumnunulia mtoto nguo humwacha nyumbani. Humpima kwa kamba kutoka begani mpaka gotini, akapiga fundo, akaitia mfukoni. Baba, aliyekuwa askari, alinipima hivyo kabla vita vya 1979 havijamvusha mpaka wa Sudan. Gauni halikuja. Mimi na mama tulibaki kwa bibi, nami nikakua hata sura ya baba siikumbuki.

Shuleni, huko Mvara, nilikutana na mita. Mwalimu wetu aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Mita, kilo, sekunde, alituimbisha, vipimo vya sayansi visivyojali kama uko Koboko au Ulaya. Akatusimamisha ukutani mmoja mmoja na kututajia urefu wetu, nami nikatembea na wangu kama cheo.

Basi baba akarudi, amekonda, na gauni la njano linalonukia wanga kwenye mfuko wa safari. Lilinikwama mabegani. Mama akaguna, bibi akacheka mpaka akakaa chini. Baba akatoa kamba ile ile, imechakaa, na baada ya fundo la kwanza yamefuatana mengine.

"Kila mwaka mi naongeza vidole mbili," alisema. "Mi nafikiri, sasa mtoto iko hapa. Kumbe wewe iko mbali."

Akapiga magoti mbele yangu. "Kuja, mi napima wewe tena."

Mwenzenu nilitaka anione nimesoma. "Hapana, baba! Mi iko mita moja na sentimita thelathini na tano. Mwalimu alipima."

Akashusha mikono. "Muzuri," alisema. "Mwalimu iko nafundisha muzuri." Akasimama, akajipangusa vumbi magotini, akairudia ile namba polepole ili asiisahau. Kamba bibi aliichukua akafungia kuku.

Gauni la pili, alilolinunua Koboko, lilinikaa sawasawa na watu wakanisifu. Lakini mimi na baba hatukuzoeana. Tulisalimiana kwa adabu, kila mmoja na shughuli zake, mpaka alipofariki.

Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa. Mtu aliyekaa ugenini akipiga mafundo miaka yote ile alikuwa anatafuta njia ya kunishika mabega. Angenikumbatia tu, mtasema. Kwetu baba aliyepotea muda mrefu hivyo hamkumbatii binti mkubwa hivi hivi. Anaona haya, na binti anaona haya. Kupima nguo kungemruhusu. Alikuwa ameshapiga magoti, mikono ameinyoosha, na najuta mpaka leo kwamba nilikuwa na jibu.