Majibu Kumi ya Fundi Saa

Kila Jumamosi fundi saa huweka koleo kando, akalamba ncha ya penseli na kulikabili fumbo la maneno gazetini. Juzi alimposa mtunzi wa fumbo hilo, mwalimu jirani yake, akaambiwa, “Jibu utalisoma Jumamosi.” Leo swali moja lililobaki, la tano, lilimtoa jasho: “Yumo majini, lakini anakuamuru uketi.” Ghafla akapiga meza. “Kaa!” Majibu kumi yakatimia. Kidole kikateremka taratibu kwenye herufi zao za kwanza: n, i, m, e, k, u... Nimekubali! Akaruka, lenzi ingali jichoni, akamkumbatia mteja aliyekuwa akisubiri.

“Amekubali, mama! Amekubali!”

“Saa yangu imekubali?”

“Saa yako bado, mama yangu. Mwalimu ndiye amekubali!”