Masale Yaliyoshuka na Kaburi

Kwetu huku juu ya Nkoaranga shamba likiwa na mteremko hatusemi ni baya, tunasema ni shamba tu. Tambarare iko Usa River na ilishachukuliwa na mashamba ya maua. Nimezaliwa kwenye mteremko huu na magoti yangu yanaujua. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo habari za ardhi kutetemeka siwezi kuzieleza kama wanavyozieleza redioni. Nitasema nilichokiona.

Masika ile mvua ilinyesha mpaka tukachoka kuisema. Asubuhi moja nimekaa jikoni nakoroga chai, vikombe vikaanza kugongana, mabati yakalia, ng'ombe akaacha kucheua. Huyu ng'ombe ni mkaidi, hata wakati wa kukamuliwa anacheua, sasa akiacha yeye na mimi naacha ninachofanya. Nikatoka nje. Tetemeko likawa limeshapita. Nikasema basi, yameisha. Ndipo nikasikia kule chini kwenye migomba mlio kama lori linamwaga mawe.

Kipande cha chini cha shamba langu kilikuwa kinaondoka. Kiliteleza kizima, migomba imesimama, kahawa imesimama, kikaenda kukaa juu ya majani ambayo jirani yangu alipanda kwa ajili ya ng'ombe wake. Masale ya mpakani nayo yakashuka, mstari ule ule, yakasimama karibu na mlango wa zizi lake. Hakuna aliyeumia. Watu walikuja kutuambia tushukuru Mungu, tukashukuru.

Lakini kwenye kipande kile ndiko nilikomzika mke wangu.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani, na hakuna anayeung'oa. Mtu akikukosea akakujia na jani lake, unamsamehe hata kama hutaki. Sasa masale yamehama yenyewe, utafanyaje? Tukiyafuata yalipo, jirani anabaki hana majani ya ng'ombe. Tukiyarudisha yalipokuwa, kaburi linabaki kwake, na mimi nikifa nitazikwa huku juu peke yangu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si ndizi.

Maana ndizi zenyewe hakuna aliyezigusa. Mimi niliona ni aibu kuingia kukata kwenye ardhi ya mtu, naye aliona masale, akasema hizo ni za mzee. Mikungu ikaivia pale pale, ndege wakala. Mke wake akanipigia kelele kutoka bondeni, "Shemeji, ninyi wawili mnafuga ndege siku hizi?" Nikamwambia amuulize mume wake. Akasema, "Nimemuuliza, anasema nikuulize wewe."

Wazee wa ukoo walikuja. Walikaa, wakanywa pombe ya ndizi, wakazungumzia nani anaoa, wakasema tusubiri udongo ukauke. Binti yangu anaishi Moshono, naye akanipigia simu: "Baba, njoo ukae huku, huo mlima umechoka." Nikamwambia hata mimi nimechoka, ila siwezi kuondoka mama yako akiwa hajulikani yuko kwa nani. Ana kichwa kigumu kama mama yake, ila hapo aliacha habari za kuhama akaniuliza kama nimekula.

Udongo ulipokauka, jirani alipanda kuja kwangu, amebeba fungu la vipande vya masale vya kupanda. Nimemzidi umri kidogo tu, tumechunga mbuzi pamoja, lakini shikamoo hajawahi kuninyima.

"Twende chini," akasema.

"Magoti."

"Utanishika bega."

Tukashuka polepole. Alikuwa ameshapanda masale kufuata mpaka wa zamani, yamenyooka vizuri, nikaona moyo unaniishia. Halafu nikaona kwamba yakifika katikati yanapinda, yanashuka chini mpaka kwenye kaburi na kulizunguka. Saruji imepasuka upande mmoja na imeinama, lakini alikuwa ameifagia. Amebakiza sehemu ndogo haijafungwa, na ndiyo aliyokuja kuimalizia.

"Mbona umelizungushia pakubwa hivi?" nikauliza. "Majani ya ng'ombe je?"

"Ng'ombe atakula migomba yako. Hapo pembeni nimeacha nafasi yako. Pima kama unaenea."

Nikatazama. Ninaenea. Nikamshikia vipande akapanda, na vilipoisha nikakaa juu ya saruji nikapumzika, maana kurudi juu kulikuwa kunanisubiri.

Akaniangalia, akautazama mteremko.

"Ila mzee, ufe kiangazi," akasema. "Masika vijana watakuangusha hapa."

Nikamwambia nitajitahidi.