Injini Iliyopita Molo Bila Kusimama

Siku yangu ya kwanza gereji, Fundi Mkuu aliniuliza nilisomea nini. Nikamwambia uhandisi wa mitambo. Akaangalia viatu vyangu, akasema, "Hapa hakuna mitambo, Profesa. Hapa kuna magari." Mafundi wakacheka, na jina hilo likanishika mpaka siku niliyoondoka.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi na pensheni. Mimi nina miaka ishirini na tisa na sina chochote kati ya hivyo viwili. Lakini miaka minne nilifanya kazi ya kufufua magari makuukuu hapa Nakuru, nikaiacha, na najua kuna mnaomaliza chuo mwaka huu ambao pia mtaitwa Profesa katika uwanja mweusi kwa oili. Afadhali mnisikie sasa, kabla hasira haijapoa.

Mwaka wa kwanza niliosha nati kwa petroli chini ya Msimamizi wa Stoo, mtu aliyeongea mara mbili kwa siku. Mwaka wa pili nikapewa cheo cha mtafuta spea. Pikapu iliyotengenezwa kabla sijazaliwa haina spea mpya dukani, kwa hiyo unatafuta mwenzake aliyekufa, tunayemwita gari la kuchinja, unamfungua na kuhamisha viungo vyake. Kazi yenyewe ni kujua kilichokufa na kilicholala tu. Bodi inaweza kuliwa na kutu hadi ukiigonga inamwagika kama unga, lakini difu, lile boga la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu, ikawa nzima kabisa kwa sababu imelala ndani ya mafuta yake. Gilgil nilikuta difu ya namna hiyo imefungiwa ng'ombe. Nilimnunulia mwenye ng'ombe kigingi cha chuma, nikaondoka nayo.

Kulikuwa na sheria moja ambayo sikuipenda tangu mwanzo. Fundi akikosa kitu, aliingia katika gari la mteja mwingine lililokaa muda mrefu, akafungua, akachukua. Waliita kuazima. Nilimuuliza Fundi Mkuu kama wenye magari wanajua.

"Gari lililosimama ni stoo," akanijibu.

"Stoo ya nani?"

"Maswali utauliza ukifungua gereji yako, Profesa."

Gari lililonileta kwenye kisa hiki lilikuwa pikapu ya kijani ya Mwalimu, mzee mstaafu kutoka Subukia. Wakati ikitembea ilikusanya maziwa ya majirani zake juu kule mlimani na kuyashusha hadi kwenye mtambo wa kupoza kabla jua halijawa kali. Ilipokufa, maziwa yakaanza kushuka kwa pikipiki, na mvua ikinyesha hayashuki, yanaharibika, yanamwagwa. Mwalimu alituletea pikapu ikivutwa na trekta. Kila Jumanne alikuja kuitazama, ametia kitambaa mfukoni, akipangusa dashibodi ya gari lisilo na injini.

Injini niliipata Molo. Mama Njoki alikuwa mjane, na pikapu ya mumewe ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ghala la viazi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Alishafukuza wanunuzi kadhaa. Aliniambia kwa nini: walikuja na mizani, wakitaka kuipima kwa kilo. Akaniuliza injini inaenda kwa nani. Nikamweleza habari za Mwalimu na maziwa.

Tuliichokoza ile injini kwa betri yangu. Ikakohoa mara mbili, ikawaka, na nilipoachia mafuta ikapiga mluzi mrefu. Mluzi ulitoka kwenye manifoldi, lile bomba la kwanza linalopokea moshi wa injini, ambalo mumewe alilichomelea mwenyewe, akalichomelea vibaya. Mama Njoki alisema alikuwa akiusikia kutoka kona ya barabara na kwenda kufungua geti kabla gari halijafika. Akataja bei ya chini hata nikaona aibu, halafu akataja sharti.

"Siku pikapu ya Mwalimu itakapotembea, ilete hapa kwanza. Nataka niisikie mara moja ikikata ile kona. Baada ya hapo iende na maziwa yake."

Nikamwahidi. Sikuahidi kwa niaba ya gereji. Niliahidi mimi.

Injini ikafika Nakuru, ikafunikwa turubai kwenye stoo. Hakuna kitu kilichotoka getini bila fomu, na fomu ya kitu nilichokitafuta mimi ilitaka sahihi yangu. Ijumaa moja Fundi Mkuu alinipa karatasi juu ya boneti: injini nzima, kutoka, kwenda kusagwa kichwa. Nikaisoma, nikasaini.

Sasa nieleze kusaga kichwa ni nini, ili mjue ukubwa wa upumbavu wangu. Kichwa ni kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Kikipinda kwa joto kinafunguliwa, kinapelekwa chenyewe kwa mtu mwenye mashine, kinasawazishwa uso, kinarudi. Hakuna mtu anayepeleka sufuria yote kunyoosha kifuniko. Fundi Mkuu alijua hivyo. Mimi nilijua kwa vitendo na nilijua kwa mtihani. Nilikuwa mtu wa kuuliza kwa nini chai inachelewa, kwa nini spana zinapangwa kulia, kwa nini Msimamizi wa Stoo hasalimii. Siku ile moja iliyohitaji swali, nilikuwa na haraka ya kwenda kuona giaboksi.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, simu yangu ikalia.

"Kijana, mmepita bila kusimama," akasema Mama Njoki.

"Nani amepita, mama?"

"Nyinyi. Nilikuwa shambani navuna. Nimeisikia ikikohoa pale kona, ikapiga mluzi. Nikakimbia mpaka barabarani na matope yangu. Nimepunga mkono. Hata dereva hakunitazama." Kisha akauliza, "Mwalimu ameipaka rangi ya bluu?"

Nilikuwa nimesimama uwanjani. Pikapu ya Mwalimu ilikuwa mbele yangu, ya kijani, juu ya matofali manne, boneti wazi, ndani mtupu.

Fundi Mkuu alikuwa anakunywa chai. Hakukana, na hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo: hakuona cha kukana. Alisema mfanyabiashara mmoja wa viazi alikuwa na mzigo unaooza na pikapu iliyokufa, akamuuzia; Mwalimu amestaafu, ana haraka gani. Tutamtafutia nyingine. Hata ule ufa wa manifoldi hakuuziba.

"Niliahidi, bosi," nikasema.

"Ahadi sikuiona. Fomu nimeiona. Imesainiwa na nani?"

Nilikwenda kwa mwenye pikapu ya bluu. Alinunua kwa haki, ana risiti. Nilikwenda kituo cha polisi, nikaonyeshwa sahihi yangu.

Jumanne Mwalimu akaja na kitambaa chake. Nikamwambia yote, nimesimama kama mwanafunzi. Aliuliza swali moja tu.

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

"Nilisoma, Mwalimu."

Akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. "Afadhali ungesema hukusoma."

Asubuhi moja ya juma lile alikuja na trekta, akaivuta pikapu yake kurudi Subukia. Niliacha kazi asubuhi hiyo hiyo. Wenzangu walinifuata getini wakisema kazi ndivyo ilivyo, kila gereji wanaazima. Najua kila gereji wanaazima. Sioni jinsi hilo linavyomsaidia mtu anayemwaga maziwa kwenye nyasi. Na kama mnataka funzo kutoka kwa mstaafu wa miaka ishirini na tisa, ni hili: sheria usiyoipenda na unayoendelea kula mshahara wake ni yako pia. Mimi niliuliza "stoo ya nani?" mara moja, nikajibiwa vibaya, nikabaki miaka miwili zaidi.

Siku hizi nafundisha hesabu shule moja hapa mjini, na Jumamosi nazunguka mashambani nikitafuta injini nyingine ya Mwalimu. Nimekuta mbili. Zote zimekufa, si za kulala.

Molo nilikwenda mwenyewe kumweleza Mama Njoki. Alinisikiliza akimenya viazi, hakunikaribisha kiti. Nilipomaliza alisema basi atakuwa ananijulisha. Sikuelewa ananijulisha nini.

Nikaelewa Alhamisi iliyofuata. Anapiga kila Alhamisi, siku ya soko, hata nikiwa darasani, na mimi hupokea.

"Imepita," anasema, kisha anakata.